Sakichi Toyoda: Fundi Aliyeufundisha Mtambo Kusimama

Ukisimama Mwembe Tayari, mjini Mombasa, asubuhi watu wanapokwenda makazini, ukayatazama magari yapitayo mbele yako, haitapita dakika ila utalisoma jina la Toyota. Jina hilo tumelizoea hata tumelifanya kama letu. Magari yenye jina hilo yamebeba wanafunzi na maharusi, wagonjwa na maiti, magunia ya unga na vikapu vya samaki. Lakini ukiwauliza watu kumi asili ya jina hilo, huenda asipatikane hata mmoja wa kukwambia kwamba halikuanza na gari, bali lilianza na kitanda cha mfumi. Na kwamba mtu aliyeliacha jina hilo hakupata kuunda gari hata moja maishani mwake. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma nguo.

Mtu huyo ni Sakichi Toyoda. Msomaji, ninakusimulia maisha yake si kwa ajili ya kuyasifu magari, bali kwa sababu ndani ya maisha hayo mna funzo linalomhusu kila mwenye karakana, kila mshoni, kila mwoka mikate na kila mkubwa wa ofisi.

Sakichi alizaliwa tarehe 14 Februari, 1867, katika kijiji cha Yamaguchi, upande wa Kosai, nchini Japani. Babake, Ikichi, alikuwa mkulima na seremala. Siku hizo Japani ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango yake baada ya zaidi ya karne mbili za kujitenga na ulimwengu, na watu wa vijijini walikuwa katika dhiki. Wanaume walilima, na wanawake wakafuma nguo za pamba nyumbani ili kuongeza riziki. Mamake Sakichi alikuwa mmoja wa wanawake hao, na mtoto alikua akimwona ameinama juu ya kitanda chake cha kufumia.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona kazi hiyo, nitaieleza kidogo. Nyuzi za mtande hutandwa kwa urefu, zikavutwa zikakaza. Kisha uzi wa mshindio hupitishwa katikati yake kwa upana, kwenda na kurudi, na kila unapopita hupigwa kwa ubao ili ushikane na wenziwe. Uzi huo hubebwa na kijiti kilichochongwa mfano wa mtumbwi. Nasi watu wa pwani tukikiita kidau hatutakosea. Kazi hii huchukua mikono yote miwili, na macho, na mgongo. Uzi mmoja ukikatika, mfumaji asiutambue mapema, nguo hutoka na kovu lisilofutika.

Babake alimfunza useremala akitumaini kwamba mwanawe atairithi kazi yake. Lakini mwaka wa 1885 serikali ya Japani ilitoa sheria ya kumlinda mtu aliyebuni kitu kipya, ili jasho lake lisiliwe na wengine. Sakichi alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Habari ya sheria hiyo ilimwingia moyoni, akaazimia kuwa mvumbuzi, na kitu alichokichagua kukitengeneza ni kile alichokiona kikimchosha mamake kila siku. Akajifungia bandani akichonga mbao, akiunda na kubomoa. Babake hakupendezwa, na majirani wakamwona kama mtu aliyepungukiwa na akili, kijana mwenye nguvu zake anayeacha kazi ya halali akacheza na vijiti.

Mwaka wa 1890 palifanywa maonyesho makubwa ya viwanda mtaa wa Ueno, mjini Tokyo. Sakichi alikwenda huko, akawa haondoki penye mitambo, siku nenda siku rudi akiitazama jinsi inavyokwenda. Mwaka huo huo alikamilisha kitanda chake cha kwanza cha mbao, na mwaka wa 1891 akapewa hati ya serikali ya kuwa ndiye mwenye uvumbuzi huo. Katika kitanda hicho mfumaji alivuta ubao kwa mkono mmoja tu, na kidau kikapita chenyewe. Kazi ya siku moja ikaongezeka kwa karibu nusu, na nguo ikatoka sawa zaidi.

Wengi hudhani kwamba mtu akishavumbua kitu huwa amekwisha tajirika. Haikuwa hivyo. Alifungua kiwanda kidogo cha kufuma huko Tokyo, lakini hakikudumu. Akarudi kwao mikono mitupu. Mwaka wa 1894 alizaliwa mwanawe wa kiume, Kiichiro, na haukupita muda mke wake akaondoka, kwani alikuwa ameolewa na mume ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye nyuzi na mbao. Tusilifiche jambo hili kwa kuwa mtu amekuwa mashuhuri. Nyuma ya sifa za wakubwa wengi wapo watu wa nyumbani waliolipa gharama isiyoandikwa katika hesabu.

Kilichomwokoa ni mtambo mdogo wa kukunja nyuzi alioubuni mwaka huo wa 1894, nao ukapata wanunuzi. Kwa fedha hizo aliendelea, na mwaka wa 1896 akakamilisha kitanda cha kufumia kiendacho kwa nguvu za mashine, cha kwanza cha namna yake kuundwa na Mjapani. Alikiunda kwa mbao na chuma, ili bei yake iwe nafuu kuliko vitanda vya chuma tupu vilivyoagizwa kutoka Ulaya.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Mtambo uendao kwa nguvu za mashine una aibu moja: hauna macho. Mama aliyeketi kitandani uzi ukimkatikia, mkono wake husita. Mtambo hausiti. Uzi ukikatika wenyewe huendelea kupiga na kupiga, ukitoa nguo mbovu kwa kasi ile ile unayotolea nguo nzuri. Kwa hiyo kila mtambo ulihitaji mtu wa kuulinda, akae akiutazama kutwa nzima. Sakichi aliliona jambo hili kuwa ni upotevu wa namna mbili, upotevu wa nguo na upotevu wa mtu. Basi katika mtambo wake alitia chombo ambacho uzi wa mshindio ukikatika, au ukiisha, kitanda husimama papo hapo. Kosa halikupewa nafasi ya kuzaa kosa jingine.

Msomaji, labda utaona kuwa hili ni jambo dogo. Nitakupa mfano ulionipata mwenyewe. Mwaka mmoja nilishonesha kanzu ya Idi. Nilipokwenda kuichukua usiku wa kuamkia sikukuu, nikakuta mkono mmoja umeupita mwenziwe kwa vidole vitatu. Kanzu ile ilikuwa imepitia mikono ya watu wanne: aliyekata kitambaa, aliyeshona, aliyetia taraza shingoni, na aliyepiga pasi. Aliyekata alikosea. Aliyeshona aliona, akashona. Aliyetarizi aliona, akatarizi. Mpiga pasi alizikunja kwa ustadi zile mikono zisizolingana, mmoja juu ya mwingine. Kila mmoja alifanya sehemu yake na kazi yote ikaharibika. Lau mkasi ungalisimama pale mwanzo, hasara ingalikuwa ya kipande cha kitambaa. Lakini kwa kuwa hakuna aliyesimama, ikawa hasara ya kitambaa, uzi, siku nne, na mteja. Maradhi hayo ndiyo aliyoyatafutia dawa Sakichi Toyoda.

Nguo za mitambo yake zilisifika kwa kuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho, na jumba kubwa la biashara la Mitsui likavutiwa nazo. Matajiri wakaja na mitaji yao, makampuni yakaundwa. Lakini tajiri na fundi hawakuwa na shabaha moja. Fundi alitaka kuujaribu mtambo mpaka uwe hauna ila; tajiri alitaka uuzwe leo. Mwaka wa 1907 ikaundwa kampuni ya kutengeneza vitanda vya kufumia iliyobeba jina lake, na mwaka wa 1910, biashara ilipodorora, akalazimishwa kujiuzulu katika kampuni iliyoitwa kwa jina lake mwenyewe. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitatu.

Aliondoka Japani akiwa na uchungu, akasafiri Marekani kisha Ulaya kutazama viwanda vya wenzake. Huko Marekani alikutana na mwanakemia mashuhuri wa Kijapani, Jokichi Takamine, naye akamtia moyo asiiache kazi yake. Alirudi mapema mwaka wa 1911, na mwaka huo akaanzisha kiwanda chake mwenyewe mjini Nagoya, apate mahali pa kujaribia mitambo bila ya kuomba ruhusa ya mtu.

Jaribio lake kubwa lilikuwa kitanda kinachobadilisha kidau chenyewe, uzi unapokwisha, bila ya kusimama wala kuguswa na mkono. Likamshinda mara nyingi. Lakini alipoyachunguza makosa aliona kwamba si yote yaliyotoka katika mtambo. Nyuzi alizonunua hazikuwa sawa. Mara nene, mara nyembamba, zikawa zinakatika. Mtu mwingine angalimlaumu muuza nyuzi akamaliza. Sakichi alilifuata kosa mpaka mahali linapozaliwa: mwaka wa 1914 akaanza kusokota nyuzi zake mwenyewe. Mtindo huo wa kuuliza kwa nini, kisha kwa nini tena, mpaka chanzo kionekane, hadi leo unahusishwa na jina lake katika viwanda vya ulimwengu.

Ilimchukua miaka mingi. Mwaka wa 1924, akisaidiwa na mwanawe Kiichiro aliyekuwa amehitimu uhandisi, mtambo ulikamilika, ukaitwa Aina ya G. Ulibadilisha kidau bila ya kupunguza mwendo, na ukasimama wenyewe uzi ukikatika, uwe wa mtande au wa mshindio. Mfanyakazi mmoja akaweza kusimamia vitanda 30 na zaidi. Mwaka wa 1926 ikaanzishwa kampuni ya kuiunda mitambo hiyo. Na mwezi wa Disemba 1929 likatokea jambo la ajabu: kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, iliyokuwa ikiwauzia Wajapani mitambo miaka nenda miaka rudi, ilikubali kununua haki ya kuuunda mtambo wa Toyoda kwa pauni 100,000. Mwalimu amekuja kununua elimu kwa mwanafunzi.

Haki yatulazimu tutazame pia upande wa pili. Mtu mmoja akisimamia vitanda 30, wale wengine hutafuta riziki pengine. Na katika viwanda vya nguo vya Japani vya enzi hizo, wafanyakazi wengi walikuwa wasichana kutoka vijijini, waliolala katika mabweni ya kiwanda na kufanya kazi saa nyingi. Mtambo uliokusudiwa kumpumzisha mama hauwi lazima rehema kwa binti wa mtu mwingine. Hilo hutegemea moyo wa mwenye kiwanda. Nasi huku pwani mambo hayo yalitufikia. Miaka ya 1930 vitambaa vya Kijapani vilijaa katika masoko ya Afrika Mashariki kwa urahisi wa bei yake, na watu wengi wakajisitiri kwavyo. Lakini ufumaji wetu wenyewe, ambao zamani uliipatia Pate sifa kwa hariri yake, ulikuwa umekwisha kitambo.

Sakichi Toyoda alifariki tarehe 30 Oktoba, 1930, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Kiichiro aligeukia magari. Mwaka wa 1936 jina lilibadilishwa kidogo likawa Toyota, na mwaka wa 1937 kampuni ya magari ikasimama peke yake. Baadaye msimamizi mmoja, Taiichi Ohno, aliyeanzia kazi katika kiwanda cha nguo cha akina Toyoda, aliichukua ile hekima ya uzi uliokatika akaipeleka kwenye magari. Ikawa kanuni kwamba mfanyakazi yeyote, hata awe wa chini kabisa, akiona kasoro ana ruhusa ya kuvuta kamba kuita msaada, na kasoro isipoondolewa kwa wakati, kazi husimama.

Hapo ndipo penye funzo letu, na wengi hulikosea. Hudhani siri ya Wajapani ni mitambo. Mitambo hununuliwa, hata sisi tunayo. Kilicho kigumu ni ile ruhusa. Mtambo wa Sakichi ulisimama kwa sababu hauna hofu: haumwogopi tajiri, hauoni haya mbele ya wateja, wala hauhofu kukatwa mshahara. Mwanadamu ana hofu zote hizo. Yule mpiga pasi wa kanzu yangu hakuwa kipofu wala mvivu. Pengine siku moja alipata kusema, akakemewa kuwa anachelewesha kazi, na tangu siku hiyo akajifunza kunyamaza na kukunja. Kwa hiyo mwenye karakana anayetaka kazi isiyo na ila asianze kwa kununua mashine. Na aanze kwa kumwuliza mdogo wa wafanyakazi wake nini kitampata leo akisimama na kusema kwamba uzi umekatika.