Walter Goetze
Walter Goetze (pia: *Walther Goetze*, 1872 - 1899) alikuwa mkusanyaji wa mimea na mpiga picha kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa safari ya kisayansi ya 1898-1899 katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani (leo Tanzania bara), ambako alipiga picha za uoto wa Mlima Rungwe na nchi ya Wanyakyusa.

== Safari ==
Safari iligharamiwa na mfuko wa Heckmann-Wentzel wa Chuo cha Sayansi cha Prussia mjini Berlin. Goetze alikusanya mimea na kupiga picha katika nyika ya Khutu, milima ya Uluguru, Uhehe, milima ya Wakinga, mbuga za Rukwa, Rungwe na Ukonde. Ukonde ni jina ambalo Wajerumani waliipa nchi ya Wanyakyusa, yaani eneo la Tukuyu ya leo. Alifariki mwaka 1899, kabla ya matokeo ya safari kuchapishwa.

== Picha na rangi ya maua ==
Picha za wakati ule zilipigwa kwa sahani za kioo zilizopakwa chumvi za fedha. Sahani za kawaida zilipokea mwanga wa buluu na urujuani tu. Kwa hiyo ua la buluu lilionekana jeupe, na ua jekundu lilionekana karibu jeusi, likipotea kati ya majani yake. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel aligundua mjini Berlin kwamba sahani ikichanganywa na rangi fulani hupokea pia kijani na manjano, lakini nyekundu iliendelea kuwa shida. Sahani zinazopokea rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906, na sahani za picha za rangi za ndugu Lumière mwaka 1907.

Mmea uliokaushwa nao hupoteza rangi ya maua yake. Hivyo picha ilihifadhi umbo la mmea na mahali ulipoota, mmea mkavu ulihifadhi viungo vyake, lakini rangi ilitegemea maandishi ya aliyeliona ua likiwa bichi.

== Urithi ==
Adolf Engler na wenzake wa Berlin walieleza spishi nyingi mpya kutokana na mimea ya Goetze. Mwaka 1902 Engler alitoa kitabu chenye picha 64 za Goetze pamoja na maelezo yake. Machi 1943 sehemu kubwa ya mimea mikavu ya Berlin iliteketea kwa mabomu ya vita. Sampuli za ziada zilizokuwa zimepelekwa katika hifadhi nyingine zilisalimika.

Jina la Goetze limo katika majina ya kisayansi ya spishi kadhaa, zikiwemo:
* *Senegalia goetzei* (zamani *Acacia goetzei*), aina ya mgunga
* *Trioceros goetzei*, kinyonga wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na nchi jirani