Beryl Markham: Injini ilizima, mabawa yakamfikisha nchi kavu

Abiria anayetoka Hanga kwenda kupanda ndege Songea, akikaa dirishani karibu na bawa, ataona vibao vinapanda na kushuka nyuma ya bawa. Wengine hushtuka wakidhani kuna kitu kimelegea. Kwa Beryl Markham, vibao hivyo vilikuwa uhai.

Beryl alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka 4 hivi. Alikulia Njoro kwenye shamba la baba yake na Kiswahili alikijua tangu utotoni. Alianza na farasi wa mbio, akawa mkufunzi wao akiwa bado binti mdogo.

Mwaka 1931 rafiki yake, Denys Finch Hatton, alikufa baada ya ndege yake kuanguka Voi, muda mfupi tu baada ya kuruka. Beryl hakurudi nyuma. Alifundishwa urubani na Tom Campbell Black, na mwaka 1933 akapata leseni ya biashara. Akawa anabeba barua na abiria, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Vibao vinafanyaje kazi? Rubani akilaza usukani kushoto, kibao cha bawa la kushoto kinapanda, cha kulia kinashuka. Bawa la kulia linanyanyuka, ndege inalalia kushoto. Vibao vya mkiani vinainua au kushusha pua. Vyote vinategemea upepo unaopita kwenye bawa na mkia, siyo injini moja kwa moja.

Septemba 4, 1936, Beryl aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuelekea magharibi kuvuka Atlantiki. Baada ya zaidi ya saa 20, karibu na pwani ya Canada, injini ikazima. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mafuta.

Hapo mtu hutamani kuvuta pua juu. Ukizidisha, mwendo unakata, upepo unaachana na bawa, ndege inaporomoka. Beryl aliitelezesha hadi Cape Breton. Pua ikazama kwenye tope, akaumia kichwa, lakini akatoka hai.

Akawa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini bila kutua. Alifariki Nairobi mwaka 1986, akiwa na miaka 83.