Mike Muuss

Michael John Muuss (Iowa City, Iowa, 16 Oktoba 1958 – Maryland, 20 Novemba 2000) alikuwa mtaalamu wa kompyuta nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mtungaji wa programu ya ping na mmoja wa watungaji wa ttcp, programu ya kupimia kasi ya mtandao.

Maisha na kazi

Muuss alisoma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kisha akafanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland. Huko alianzisha pia BRL-CAD, programu ya kuchora maumbo yenye pande tatu.

Mwezi wa Desemba 1983 mtandao wa maabara ulikuwa na hitilafu. Akikumbuka maelezo ya David Mills kuhusu kupima ucheleweshaji, Muuss aliandika ping kwa usiku mmoja. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona, chombo kinachotambua vitu majini kwa mwangwi. Kabla hajaitumia kwa mara ya kwanza, hitilafu ile ilikuwa imekwisha kurekebishwa, lakini programu ilibaki.

Kupima kasi

Ping huonyesha kama kompyuta ya mbali inajibu, na baada ya milisekunde ngapi. Haionyeshi kiasi cha data kinachoweza kupita: njia inaweza kujibu upesi na bado faili likachelewa kufika. Kwa ajili hiyo Muuss na Terry Slattery walitunga ttcp mwaka 1984.

Programu hiyo huendeshwa kwa kuandika amri kwenye kompyuta mbili. Moja hupokea, nyingine hutuma data zisizo na maana yoyote, kisha kiasi kilichopita hugawanywa kwa muda uliotumika. Kwa mfano, megabaiti 10 zikipita kwa sekunde 8, kasi ni megabiti 10 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8.

Kifo na urithi

Muuss alifariki katika ajali ya magari kwenye barabara kuu namba 95, akiwa na umri wa miaka 42. BRL-CAD ilitolewa kwa umma kama programu huria mwaka 2004, baada ya kifo chake.

Kazi ya ttcp imeendelezwa na iperf, ambayo toleo lake la pili bado linatumia mlango namba 5001 uliotumiwa na ttcp. Kwa programu hizi fundi aliyeko Idete au Ifakara, katika bonde la Kilombero, anaweza kupima mwenyewe kasi anayoipata hadi seva iliyoko Dar es Salaam na kuilinganisha na ile anayolipia. Hata hivyo ni lazima akumbuke kwamba kipimo cha iperf hutuma data nyingi, hivyo hupunguza bando la simu.

Muuss hakuwahi kuuza ping; leo imo karibu katika kila kompyuta.