George Washington Carver: mtafiti aliyeipeleka maabara shambani

Tunaposikia maneno "kituo cha utafiti", wengi wetu huwaza jengo kubwa mjini, watu waliovaa makoti meupe na lango lenye mlinzi. Leo tunamkumbuka mtu aliyeanzisha maabara yake kwa chupa na vyungu vilivyookotwa jaani. Ni George Washington Carver, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani. Watu wengi wanamjua kwa karanga. Sisi tunataka kueleza jambo kubwa zaidi alilolifanya: kuziweka elimu nyingi chini ya paa moja ili zimsaidie mkulima mmoja maskini.

Mtoto aliyebadilishwa na farasi

Carver alizaliwa karibu mwaka 1864 katika jimbo la Missouri, kwenye shamba la Moses Carver. Tarehe yenyewe haijulikani, kwa kuwa watoto wa watumwa hawakuandikwa. Akiwa mchanga, yeye na mama yake, Mary, walitekwa na majambazi. Moses alimtuma mtu kuwatafuta, na mtoto akarudishwa kwa kubadilishana na farasi. Mama hakuonekana tena.

Baada ya utumwa kukomeshwa, Moses na mkewe Susan waliendelea kumlea. Alikuwa mtoto wa afya dhaifu, kwa hiyo hakuweza kazi nzito. Alipika, alifua na kutunza bustani. Majirani walimletea mimea yao iliyokuwa ikinyauka, naye akaiuguza.

Shule ya karibu haikuwapokea watoto weusi, ikambidi aondoke nyumbani akiwa bado mdogo. Alihama mji hadi mji, akijilipia masomo kwa kufua nguo za watu. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoona rangi yake. Hatimaye mwaka 1891 aliingia chuo cha kilimo cha jimbo la Iowa, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi hapo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, akabobea katika mimea na magonjwa ya ukungu.

Dola 1,500 kwa mwaka

Mwaka huo wa 1896 aliitwa na Booker T. Washington, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee huko Alabama. Tuskegee, ambayo leo ni chuo kikuu, ilianzishwa mwaka 1881 kwa ajili ya watu weusi. Wanafunzi walisoma vitabu na pia ufundi. Hata matofali ya majengo yao waliyafyatua wenyewe.

Mwaka 1897 jimbo la Alabama lilipitisha sheria ya kuanzisha kituo cha majaribio ya kilimo hapo Tuskegee, kikitengewa dola 1,500 kwa mwaka. Vituo vya vyuo vya weupe vilipata fedha nyingi zaidi. Carver na wanafunzi wake walizunguka wakiokota chupa, vifuniko na sufuria kuukuu, wakavigeuza kuwa vyombo vya maabara.

Nje ya taasisi hali ilikuwa ngumu. Wakulima wengi weusi hawakuwa na ardhi yao. Walilima shamba la mtu mwingine na kugawana naye mavuno, huku mbegu na chakula wakivikopa dukani. Mwenye shamba na mwenye duka walitaka pamba. Pamba ilipandwa mwaka baada ya mwaka mpaka udongo ukachoka, mavuno yakapungua na deni likakua.

Tatizo moja, elimu nyingi

Hapa ndipo tunapoona akili ya Carver. Alianza na udongo. Alishauri mkulima abadilishe mazao, akipanda kunde, karanga au viazi vitamu baada ya pamba. Kunde na karanga zina vinundu kwenye mizizi, ambamo bakteria huchukua naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi. Mbolea ya dukani ilikuwa ghali, kwa hiyo alifundisha kutengeneza mboji kwa majani ya msituni na tope la mabwawa.

Lakini mkulima akivuna kunde, atazifanyia nini? Swali hilo halikuwa la udongo tena, lilikuwa la jikoni. Carver akaingia kwenye mapishi, lishe na uhifadhi wa chakula. Na zikibaki za ziada, nani atazinunua? Sasa swali likawa la kemia na soko. Akajaribu kutoa rangi, mafuta, wanga na vitu vingine vingi katika mazao hayo.

Majibu aliyaandika katika vijitabu vya lugha nyepesi. Kile cha mwaka 1916 kilieleza jinsi ya kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula.

Gari la kukokotwa

Wakulima wengi hawakuweza kufika Tuskegee, na wengine hawakujua kusoma. Kwa hiyo mwaka 1906 taasisi ilianza kutumia gari la kukokotwa na wanyama, lililobeba majembe ya kulimia, mbegu na vyombo vya kutengenezea maziwa. Lilikwenda hadi mashambani, na watu walifundishwa kwa kuona. Baadaye likaja lori, likiwabeba pamoja mtaalamu wa kilimo, muuguzi na mwalimu wa mambo ya nyumbani.

Fikra za Tuskegee zilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, Kenya, ili kuandaa walimu ambao wangekwenda vijijini kufundisha kilimo, afya na ufundi pamoja.

Tusimpake rangi asiyo nayo

Carver hakuvumbua siagi ya karanga, ingawa wengi husema hivyo. Matumizi mengi aliyoyaorodhesha hayakufika sokoni, na hataza alizopata ni tatu tu. Hakuwa hodari wa uongozi wa ofisi. Yeye na Washington waligombana mara nyingi, hata juu ya banda la kuku. Pia ushauri wake haukuweza kuvunja mfumo wa deni. Mkulima aliyeamriwa kupanda pamba hakuwa na uhuru wa kupanda kunde shamba zima. Alichoweza ni kulisha familia kwa kipande kidogo cha bustani, na kwa wengi hicho kilitosha kupunguza mkopo wa dukani.

Carver hakuoa. Akiba ya maisha yake, karibu dola 60,000 kwa jumla, aliiachia taasisi ya utafiti yenye jina lake iliyoanzishwa Tuskegee mwaka 1940. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa karibu na Washington, yule bosi waliyekuwa wakigombana.

Nasi tunabaki na swali lake. Bwana shamba akikuletea mbegu mpya, mwulize itaufanyia nini udongo wako, italiwaje nyumbani na nani atainunua. Ukijibiwa moja tu kati ya hayo, mwombe arudi na wenzake.