Lagrange, bingwa wa hesabu aliyetia thamani kwenye mipaka

JOSEPH-LOUIS Lagrange, ambaye wengi humdhania Mfaransa wa kuzaliwa, alizaliwa Turin, katika Italia ya leo, mnamo Januari 25, 1736. Babake alikuwa mweka hazina wa serikali aliyepoteza mali yake katika biashara za kubahatisha. Kati ya watoto 11 wa nyumba hiyo, ni wawili tu waliofikia utu uzima.

Mwanzoni alivutiwa na Kilatini. Makala ya Edmond Halley kuhusu matumizi ya aljebra katika elimu ya lenzi ndiyo iliyomgeuza. Mnamo 1755, akiwa na umri wa miaka 19, alimwandikia gwiji Leonhard Euler kumweleza mbinu yake mpya. Mwaka huo huo aliajiriwa kufundisha hesabu katika chuo cha wanajeshi wa mizinga.

Alimrithi Euler jijini Berlin mnamo 1766, akakaa huko miaka 21. Mkewe wa kwanza, Vittoria, alifariki mnamo 1783, na Lagrange alipohamia Paris mnamo 1787 alikuwa amezama katika huzuni na kuchoshwa na hesabu.

Hata hivyo, kitabu chake Mécanique analytique kilichapishwa mnamo 1788, bila mchoro hata mmoja. Humo mna mbinu ya kizidisho inayoitwa kwa jina lake hadi leo.

Tuseme mkulima ana seng'enge ya mita 100 na anataka kuzungushia shamba la mstatili lililo kubwa iwezekanavyo. Kwa kawaida, mwanahisabati hupima jinsi eneo linavyobadilika urefu ukiongezwa, huku upana ukiachwa ulivyo. Hapa haiwezekani, kwani urefu ukiongezwa sharti upana upungue.

Lagrange aliongeza kisichojulikana kingine, yaani kizidisho, akakifunga kwenye sharti la seng'enge. Kisha urefu na upana vikashughulikiwa kila kimoja peke yake, kana kwamba viko huru. Jibu ni mraba wa mita 25 kila upande, wenye eneo la mita za mraba 625.

Kizidisho chenyewe, ambacho wanafunzi wengi hukitupa wakishapata jibu, ndicho chenye utamu. Hapa ni 12.5: mita moja zaidi ya seng'enge ingeongeza takriban mita za mraba 12.5. Si ajabu wanauchumi waliipokea mbinu hii kwa mikono miwili.

Mapinduzi yalimkuta Paris. Mnamo 1793 iliamriwa wageni waliozaliwa katika nchi adui wakamatwe. Mwanakemia Antoine Lavoisier alimtetea, akasamehewa. Mei 8, 1794, Lavoisier mwenyewe alikatwa kichwa, na Lagrange akabaki kumwombolezea mtu aliyemwokoa.

Baadaye alifundisha katika chuo cha École Polytechnique, na mnamo 1797 akaieleza kanuni ya kizidisho kwa upana zaidi. Napoleon alimfanya seneta, kisha kabaila mnamo 1808. Alifariki Aprili 10, 1813, akazikwa Panthéon, miongoni mwa mashujaa wa Ufaransa.