Mechnikov: Jamaa aliyetumia mwiba kugundua askari wa mwili

KABLA ubonyeze ile chunusi iliyokutokea kwenye paji la uso, hebu itazame kidogo kwenye kioo. Ule weupe ulio katikati, ambao wewe unauona kama uchafu, kwa sehemu kubwa ni mizoga ya chembechembe nyeupe za damu. Zilikimbia hapo kukabiliana na bakteria, zikawameza, kisha zikafia papo hapo. Wewe ulikuwa unawaza utaonekanaje kwenye sherehe ya Jumamosi, kumbe chini ya ngozi yako kulikuwa na vita.

Leo jambo hilo linafundishwa shuleni. Lakini katika miaka ya 1870, daktari msomi barani Ulaya angekuambia kinyume kabisa. Wengi wao waliamini usaha na uvimbe ni ugonjwa wenyewe, na kwamba zile chembe nyeupe ni kama matatu: zinabeba viini vya maradhi na kuvisambaza mwilini.

Aliyepindua mawazo hayo hata hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa viumbe vidogo vya baharini, mtu wa hasira za karibu na moyo mwepesi kuumia, ambaye mara mbili alitaka kuyakatiza maisha yake mwenyewe. Jina lake ni Ilya Mechnikov. Wafaransa walimwita Élie Metchnikoff.

Kijana asiyetulia

Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv, ambao sasa uko Ukraine lakini wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Urusi. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto alikuwa akiwapa vijisenti ndugu zake na watoto wa jirani ili wakubali kuketi na kusikiliza akiwahutubia kuhusu mimea na wadudu.

Alipotaka kusomea udaktari, mama yake alimkataza. Mama alimjua mwanawe: aliona hataweza kuvumilia kutazama watu wakiteseka. Basi akachagua sayansi ya wanyama. Kozi ya miaka minne katika Chuo Kikuu cha Kharkiv aliimaliza kwa miwili, akiwa na umri wa miaka 19. Akaenda Ujerumani na Italia kuchunguza wanyama wa baharini, na alipofika umri wa miaka 22 tayari alikuwa akifundisha chuo kikuu mjini Odessa. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wakubwa kumliko.

Kwa nje, mambo yalikuwa sawa. Kwa ndani, sivyo.

Miaka ya giza

Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikuwa anaugua kifua kikuu. Siku ya harusi alikuwa hoi kiasi kwamba alibebwa kwenye kiti hadi kanisani. Kwa miaka kadhaa Mechnikov alihangaika naye kutoka nchi moja hadi nyingine akitafuta hali ya hewa ya kumfaa, huku akichapa kazi za ziada ili kupata pesa. Zama hizo hakukuwa na dawa ya kutibu ugonjwa huo. Mwaka 1873 Ludmila alifariki kwenye kisiwa cha Madeira.

Mechnikov alivunjika. Macho nayo yalikuwa yanamsumbua, asiweze kutumia hadubini, na kazi ndiyo ilikuwa imebaki kuwa faraja yake. Alijaribu kujiua, akanusurika. Muda mfupi baadaye akiwa Geneva, bado akiwa na mawazo yaleyale, aliona kundi la wadudu wakizunguka taa usiku. Akajiuliza: viumbe wanaoishi saa chache tu, tena bila kula, nadharia ya Darwin kuhusu uteuzi wa asili inawahusuje? Swali hilo likamvuta. Na mtu mwenye swali linalomwasha ana sababu ya kuamka kesho.

Mwaka 1875 alimwoa Olga, mwanafunzi aliyekuwa akimfundisha sayansi. Miaka michache baadaye Olga naye akaugua homa ya matumbo, karibu afe. Siasa za chuo nazo zilikuwa zimechacha. Mechnikov akazama tena gizani. Safari hii alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi, ile inayoisha na kurudi, akitaka kujua kama inaambukizwa kwa damu, na pia bila kujali kama angepona au la. Aliugua vibaya sana. Aliponyanyuka kitandani alikuwa mtu mwingine, mwenye hamu ya kuishi kuliko awali.

Laiti angefaulu katika mojawapo ya majaribio hayo, tusingekuwa na hadithi hii, kwa sababu kazi iliyompa jina ilikuwa bado mbele yake. Ikiwa wewe pia unapitia kipindi kama hicho, usinyamaze nacho peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, leo.

Mwiba wa Messina

Mwaka 1882 Mechnikov alijiuzulu Odessa. Wazazi wa Olga walikuwa wameaga dunia na kuacha urithi kidogo pamoja na wadogo zake Olga wa kulelewa. Familia yote ikahamia Messina, mji wa pwani kisiwani Sicily, Italia. Mechnikov akageuza sebule kuwa maabara.

Siku moja mwezi Desemba, watu wa nyumbani walikwenda kutazama sarakasi iliyokuwa na nyani waliofunzwa michezo. Yeye akabaki na hadubini yake. Alikuwa anamchunguza mtoto mchanga wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye mikono mitano kama nyota. Akiwa bado mchanga, mwili wake ni angavu kama kioo. Unaona ndani moja kwa moja.

Humo ndani kulikuwa na seli zinazotembea. Alikuwa ameshaziona mara nyingi zikimeza vipande vya chakula na chembe za rangi. Ghafla wazo likamjia: vipi kama seli hizi hazili tu kwa ajili ya kushiba? Vipi kama zinakula ili kumlinda mwenye mwili?

Akaanza kuzunguka chumbani, mara akatoka hadi ufuoni ili kutuliza akili. Kisha akapanga jaribio rahisi ajabu. Kama wazo lake ni sahihi, ukimchoma kiumbe huyo kwa kitu kigeni, seli hizo zitakimbilia hapo. Kwenye bustani ya nyumba kulikuwa na mchenza mdogo ambao siku chache kabla ulikuwa umepambwa kama mti wa Krismasi wa watoto. Akachuma miiba ya waridi hapo bustanini, akaidunga chini ya ngozi ya vile vitoto vya kiti cha pweza. Usiku huo hakulala.

Asubuhi na mapema alichungulia kwenye hadubini. Seli zilikuwa zimeuzingira mwiba kila upande, zimebanana kama watu kwenye kituo cha basi saa kumi na mbili jioni.

Fikiria maana yake. Kiumbe huyo hana mishipa ya damu wala ubongo, lakini mwili wake umetambua kwamba kuna kitu kisicho chake, na umetuma walinzi. Wewe ukidungwa na kibanzi kidoleni, kidole kinavimba, kinapata joto, kinatunga usaha. Mechnikov aliona ni jambo lilelile. Uvimbe si maradhi. Ni mwili unaojitetea.

Vita vya Paris na Berlin

Kwa bahati, Rudolf Virchow, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya magonjwa Ujerumani, alipita Messina. Alimtia moyo lakini akamtahadharisha, maana vitabu vyote vilifundisha kinyume. Huko Vienna, mtaalamu Carl Claus alimsaidia kupata jina kutoka Kigiriki: fagosaiti, yaani seli inayokula.

Ushahidi ulizidi kujengeka. Mwaka 1884 Mechnikov alieleza alichokiona kwa Daphnia, kidudu kidogo cha maji baridi ambacho pia mwili wake ni angavu. Daphnia humeza mbegu za kuvu zenye ncha kama sindano, nazo hutoboa utumbo na kuingia mwilini. Fagosaiti huzishambulia. Zikishinda, kidudu kinaishi. Zikilemewa, kuvu inazaana na kidudu kinakufa. Kupona au kufa kulitegemea nani alimla mwenzake kwanza.

Hata hivyo, wakubwa wengi hawakushawishika. Alipomtembelea Robert Koch mjini Berlin, alipokewa kwa ubaridi. Nyumbani Odessa, ambako alikuwa amepewa kituo cha utafiti wa bakteria, madaktari hawakutaka kuongozwa na mtu asiye daktari. Mwaka 1888 alimwendea Louis Pasteur jijini Paris. Mzee huyo akampa maabara katika taasisi yake mpya, na Mechnikov akabaki hapo hadi mwisho wa uhai wake.

Hapo ndipo mabishano yalipopamba moto. Mwaka 1890, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba ukichukua majimaji ya damu ya mnyama aliyekingwa dhidi ya pepopunda, bila seli hata moja, ukamdunga mnyama mwingine, naye anakingwa. Behring akaonyesha hivyo pia kwa dondakoo. Basi kambi ya Ujerumani ikasema kinga iko kwenye majimaji ya damu. Mechnikov akasema kinga iko kwenye seli. Kwa miaka mingi pande hizi mbili zilirushiana makala na hotuba kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Mechnikov mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, akikosolewa anawaka, na alichelewa kukiri uzito wa kile ambacho leo tunakiita kingamwili.

Mwishowe ilibainika kwamba kila upande ulikuwa umeshika nusu ya ukweli. Mwaka 1903, Almroth Wright na mwenzake jijini London walionyesha kwamba kuna vitu kwenye majimaji ya damu vinavyowapaka bakteria na kuwafanya waliwe kwa urahisi na fagosaiti. Ni kama kupaka ugali mchuzi: sasa unateleza. Majimaji na seli zilikuwa zikifanya kazi pamoja muda wote.

Mwaka 1908, Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa watu wawili kwa pamoja: Mechnikov wa seli na Paul Ehrlich, Mjerumani wa majimaji.

Seli inajuaje?

Kuna swali moja ambalo Mechnikov hakuweza kulijibu. Seli inajuaje kwamba hiki ni changu na kile si changu?

Majibu mengi yalikuja baada yake. Fagosaiti zina vipokezi juu ya ngozi yake, mfano wa vidole vinavyopapasa. Vipokezi hivyo hushika alama zinazopatikana kwa bakteria au kuvu lakini hazipo kwenye seli za binadamu, kama vile vitu vinavyojenga ukuta wa bakteria. Vingine hushika ishara zinazotolewa na seli zetu zilizojeruhiwa. Ndiyo maana hata kibanzi kisicho na kiini chochote huleta uvimbe.

Baada ya kumeza, baadhi ya seli hizo hazimalizi kazi hapo. Huonyesha vipande vya adui kwa chembe nyingine ziitwazo limfosaiti. Kila limfosaiti ina kipokezi chake, kama ufunguo mmoja kwa kufuli moja. Ile inayolingana na kipande hicho huamka na kuzaana kwa wingi. Nyingine hutengeneza kingamwili za kumnasa adui huyo pekee, na nyingine hubaki na kumbukumbu kwa miaka. Chanjo uliyodungwa kliniki ukiwa mtoto ilikuwa inafundisha kumbukumbu hiyo bila kukuuguza.

Wakati mwingine walinzi hao hukosea. Huvamia chavua au karanga, tukaita mzio. Huvamia hata viungo vya mwenye mwili, au figo aliyopewa na nduguye. Kutambua ni kazi ngumu.

Maziwa lala na mwisho wake

Uzeeni, Mechnikov aligeukia swali la kwa nini tunazeeka. Aliamini bakteria wa utumbo mpana wanatutilia sumu polepole, na kwamba maziwa yaliyochacha yanaweza kuwazuia. Alitaja wakulima wa Bulgaria walioishi miaka mingi wakinywa maziwa ya aina hiyo, yanayokaribiana na maziwa lala yetu. Naye akawa anayanywa kila siku. Yogati ikapata umaarufu Ulaya. Mengi aliyoyasema hapo yalipita kiasi, ila wazo kwamba bakteria wa tumboni wanagusa afya yetu linachunguzwa kwa dhati leo.

Alifariki Paris Julai 1916 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 71, wakati Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea. Kijana ambaye zamani hakuona haja ya kuishi alikuwa ametumia miaka yake ya mwisho akitafuta namna watu wangeweza kuishi zaidi. Majivu yake yamehifadhiwa kwenye maktaba ya Taasisi ya Pasteur, katikati ya vitabu.