Louis Leakey na kingo za ziwa la kale Nakuru

KUSINI mwa Kabazi, kuelekea Elmenteita, kingo za ziwa la kale zingali zaonekana juu ya vilima vikavu. Miongoni mwa waliozichunguza mwanzo ni Louis Leakey, mwana wa wamishenari aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua akizungumza Kikuyu.

Baada ya masomo ya Cambridge, alirejea nchini mwaka 1926 na kuchimba Pango la Gamble, lililochongwa na mawimbi ya ziwa hilo. Alishikilia kwamba Afrika Mashariki ilipata vipindi vya mvua kubwa vilivyokwenda sambamba na enzi za barafu Ulaya.

Nadharia hiyo haikudumu. Vipimo vya kaboni vilibainisha kuwa ziwa lilifurika yapata miaka 9,000 iliyopita, barafu nyingi ya Ulaya ikiwa imekwishayeyuka.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Hesabu yake ya nyakati ilikosea, lakini kingo hazikusema uongo: tangu mwaka 2010 Ziwa Nakuru lilipanda tena, likazihamisha familia zilizojenga kandokando yake.